MTOTO HAENDI SHULE MIKONO MITUPU

Ndugu msomaji, hongera. Sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kusoma barua yako bila kumwomba mtu. Unaweza kusoma mizani wakati wa kuuza mazao. Unaweza kusoma tangazo la mkutano wa kijiji.

Leo tutasoma habari za mtoto wa miaka mitano. Pengine ni mtoto wako, au mjukuu wako, au mtoto wa jirani. Tutasoma juu ya lugha anayoisema, michezo anayoicheza, na miti anayoiona njiani anapokwenda shule. Soma polepole. Kisha zungumza na wenzako.

1. Neno moja tu

Siku moja nilikwenda kutembelea darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha mkoa wetu. Nilifika mapema. Wanakisomo walikuwa bado mashambani. Karibu na hapo palikuwa na darasa la awali. Nikakaa kivulini, nikawa natazama watoto.

Mwalimu alikuwa na watoto wengi sana. Akamwita mvulana mmoja, akamwambia, "Niletee maji." Ndoo na kikombe vilikuwa pale pale mlangoni. Mtoto akasimama. Akamtazama mwalimu, kisha akatazama chini. Mwalimu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Maji! Lete maji!" Mtoto hakuondoka. Wenzake wakaanza kucheka. Machozi yakamlenga.

Ndipo msichana mdogo aliyekaa mbele akasema neno moja tu: "Minzi."

Mvulana akageuka mara moja. Akachukua kikombe, akachota maji, akampa mwalimu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa kwao. Hakumwaga hata tone.

Ndugu msomaji, mtoto yule alijua maji ni nini. Alijua kuchota. Alijua kumpa mkubwa kitu kwa adabu. Alikosa neno moja tu la Kiswahili, kwa sababu nyumbani kwao wanasema Kisukuma. Lakini kwa kitambo kile darasa zima lilimwona mjinga.

Wewe unajua uchungu wa kuchekwa namna hiyo. Wengi walichelewa kuingia darasa la kisomo kwa sababu hiyo hiyo. Walisema, "Nitachekwa na watoto wangu." Mtu mzima akichekwa anaweza kuondoka akarudi shambani. Mtoto hawezi. Yeye hunyamaza. Hukaa nyuma ya darasa mwaka mzima bila kusema. Akiingia darasa la kwanza, hafuati masomo. Darasa la pili, hali ni ile ile. Kisha anaanza kukosa siku moja, halafu siku tatu, halafu wiki. Mwisho mvulana anabaki machungani, na msichana anabaki jikoni akingojea kuolewa. Nasi tunasema, "Huyu hakuwa na akili ya shule."

Je, maneno hayo ni ya haki?

2. Sisi ni watu wa lugha nyingi

Kasekese ni kata ya wilaya ya Tanganyika, katika mkoa wa Katavi. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sehemu hizi zilikuwa katika mkoa wa Rukwa.

Katika mkoa wetu wanaishi watu wa makabila mengi. Wapo Wabende na Watongwe. Wapo Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa. Wasukuma walikuja na mifugo yao wakitafuta malisho na mashamba. Waha wametoka upande wa Kigoma. Huko Mishamo na Katumba wapo watu ambao wazazi wao walikimbia vita Burundi mwaka 1972. Wengi wao sasa ni raia wa Tanzania, lakini nyumbani bado wanasema Kirundi.

Tanzania yote ina lugha za makabila zaidi ya 120. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Sokoni tunasema Kiswahili. Kwenye mkutano wa kijiji tunasema Kiswahili. Hospitali tunasema Kiswahili. Kitabu hiki unachosoma kimeandikwa kwa Kiswahili. Bila Kiswahili, Mbende na Msukuma wangesalimianaje?

Lakini mtoto wa miaka mitano bado hajafika sokoni wala mkutanoni. Ulimwengu wake ni nyumbani kwao. Mama anamwimbia kwa lugha ya nyumbani. Bibi anamsimulia hadithi kwa lugha hiyo. Wenzake wa machungani wanacheza kwa lugha hiyo. Siku anapofika darasani, mara nyingine ndiyo siku yake ya kwanza kuamrishwa kwa Kiswahili.

3. Mtoto ameshajua mengi

Watu wengi hufikiri kwamba mtoto huenda shule kichwa kikiwa kitupu, na mwalimu ndiye anayekijaza. Jambo hili si kweli. Tazama mtoto wako mwenyewe.

Anajua ni mbuzi wangapi walitoka asubuhi, na mmoja akikosekana jioni, anajua. Hiyo ni hesabu.
Anajua ni kuni zipi huwaka haraka na zipi hutoa moshi. Hiyo ni sayansi.
Anajua njia ya kwenda kisimani na njia ya kurudi. Hiyo ni jiografia.
Anajua kumwamkia babu kabla ya kusema shida yake. Hiyo ni adabu.

Yote hayo ameyajua kwa lugha ya nyumbani. Yamo kichwani mwake kama mahindi ghalani. Kazi ya shule ni kumpa maneno mengine ya Kiswahili ya kutolea yale mahindi, kisha kumwongezea mengine. Ukimwambia asahau lugha yake siku ya kwanza, umefunga mlango wa ghala.

Fikiri juu yako mwenyewe ulipoanza kisomo. Mwalimu wako hakuanza na maneno usiyoyajua. Alianza na maneno ya maisha yako, kama jembe, maji, shamba na mama. Ulilijua jembe kabla ya kuona herufi zake. Kwa hiyo ulipata kazi moja tu, ya kujifunza herufi. Kama angekuletea neno geni kwa lugha ngeni, ungepata kazi tatu kwa mara moja: kujua kitu chenyewe, kujua neno, na kujua herufi. Ungechoka siku ile ile. Mtoto naye huchoka hivyo.

Tena lugha zetu si mbali sana na Kiswahili. Msukuma husema "numba", Mswahili husema "nyumba". Msukuma husema "mbuli", Mswahili husema "mbuzi". Mrundi husema "amazi", Mswahili husema "maji". Mtoto akionyeshwa jinsi maneno hayo yanavyofanana, hufurahi. Huona kwamba Kiswahili si mtu mgeni wa kutisha, bali ni jamaa wa lugha ya kwao.

4. Mpango wa serikali na mifano ya wengine

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Mpaka leo elimu ya awali na ya msingi katika shule hizo hufundishwa kwa Kiswahili. Hatusemi jambo hilo libadilishwe. Tunasema mtoto ajengewe daraja la kumfikisha kwenye Kiswahili.

Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilisema kwamba kila mtoto asome elimu ya awali mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Tangu Januari 2016, wazazi hawalipi ada katika shule za serikali kwa elimu ya awali na ya msingi. Kwa hiyo usimweke mtoto nyumbani ukisema, "Awali ni kucheza tu, ataanza darasa la kwanza." Mwaka ule wa awali ndio mwaka wa kujenga daraja.

Mwezi wa Desemba 2021 serikali ilizindua mpango wa taifa wa malezi ya watoto kuanzia tumboni mwa mama hadi miaka 8. Mpango huo unataja mambo matano ambayo kila mtoto anayahitaji. Ni afya bora, chakula cha kutosha, malezi ya upendo, kujifunza mapema, na ulinzi. Ona kwamba kujifunza ni jambo moja kati ya matano. Mtoto mwenye njaa hajifunzi. Mtoto mwenye hofu hajifunzi.

Daraja la lugha limekwisha jaribiwa hapa kwetu Tanzania. Kuanzia mwaka 2015, katika mikoa kadhaa, kulikuwa na mpango wa Utayari wa Shule. Wanakijiji walimchagua mtu wao anayejua kusoma. Akapewa mafunzo mafupi na vitabu vya hadithi. Kisha akakaa na watoto wa kijiji kwa wiki kadhaa kabla hawajaanza shule. Waliimba, walicheza, walisikiliza hadithi, na walijifunza Kiswahili kidogo kidogo. Kwa kuwa mtu huyo alikuwa wa kijiji kile, aliweza kumwelewa mtoto aliposema lugha ya nyumbani.

Majirani zetu wa Uganda wana njia yao. Tangu mwaka 2007, mahali ambapo watu wengi wanasema lugha moja, watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha hiyo. Darasa la nne ni mwaka wa kuvuka kwenda Kiingereza. Kila nchi ina njia yake, lakini maana ni moja. Mtoto huanza na anachokijua, ndipo huenda kwenye asichokijua.

5. Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza

Mtu mzima anaweza kukaa saa nzima akisikiliza. Mtoto wa miaka mitano hawezi. Mwili wake unataka kukimbia, na mikono yake inataka kushika. Mchezo kwake ndiyo kazi.

Ukimpa vizibo kumi vya soda na ukamwambia, "Nipe vitatu," amejifunza hesabu. Ukimpa udongo wa mfinyanzi akafinyanga ng'ombe, vidole vyake vinapata nguvu ya kushika kalamu. Ukimpa mbegu za mahindi, maharage na karanga zilizochanganyika akazitenga, amejifunza kutambua vitu vinavyofanana. Baadaye atatenga herufi "b" na herufi "d" kwa macho yale yale. Ukitega kitendawili akafikiri mpaka akakitegua, amejifunza kutumia akili.

Vitu hivi havinunuliwi Mpanda mjini. Viko nyumbani kwako. Vioshe, vitie katika kikapu, vipeleke shule.

Kiwango kinachotakiwa katika darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi za vijijini zina watoto wengi kuliko hapo. Kwa hiyo usimlaumu mwalimu peke yake. Yule mwalimu niliyemwona hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja, watoto walikuwa wengi, naye Kisukuma hakukijua. Alihitaji msaada wa mama mmoja au kijana mmoja wa kijiji. Na mtu wa namna hiyo hakuwa mbali. Mimi mwenyewe nilikuwa nikingojea wanakisomo zaidi ya ishirini.

6. Miti nayo ina majina

Sasa tuzungumze juu ya msitu. Unaweza kuuliza, "Msitu na lugha ya mtoto vinahusiana vipi?" Soma mifano hii mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Watongwe. Mwaka 1965 wataalamu kutoka Japani walianza kuchunguza sokwe katika milima ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mkoa wetu. Walihitaji kujua mimea inayoliwa na sokwe. Walisaidiwa na nani? Walisaidiwa na Watongwe wenyeji, wanaoujua msitu ule. Mwaka 1981 wataalamu wale walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Ona basi. Watu waliosoma vyuo vikuu walikaa chini wakafundishwa na watu wa kijiji. Elimu ile ilikuwa ndani ya lugha. Kama wazee wale wasingewafundisha watoto wao majina hayo, wataalamu wasingepata wa kumwuliza.

Mfano wa pili ni wa Wasukuma. Katika Kisukuma kuna neno "ngitili". Maana yake ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, ili majani yakue na mifugo ile wakati wa kiangazi. Huko Shinyanga ngitili nyingi zilipotea, na nchi ikawa kavu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI. Wananchi walirudia desturi yao ya ngitili. Katika miaka iliyofuata, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti na majani. Neno moja la wazee liliokoa nchi. Lakini je, mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa huku Katavi anajua maana ya ngitili? Kama babu hakumwambia, nani atamwambia?

Mfano wa tatu ni wa hapa hapa wilaya ya Tanganyika. Vijiji kadhaa vya wilaya yetu, kama Mwese na Katuma, vimetenga misitu ya kijiji na kuilinda. Miti huvuta hewa ukaa, ambayo ikizidi huongeza joto la dunia. Kampuni za nchi nyingine hulipa fedha ili misitu hiyo isikatwe. Vijiji hivyo vimepata fedha na kujenga madarasa na zahanati. Kwa hiyo mti uliosimama nao ni mali, kama vile mti uliokatwa.

Misitu yetu ya miyombo bado inatupa mengi. Inatupa asali, uyoga, dawa, kuni na mvua. Lakini tunaikata upesi. Tunafyeka mashamba mapya, tunachoma mkaa, tunakausha tumbaku kwa kuni. Mtoto anayekua bila kujua jina la mninga wala kazi ya mkuyu ulio kisimani hataona uchungu mti huo ukikatwa. Kwake ni kuni tu. Mtoto anayejua kwamba mkuyu hukaa karibu na maji, na kwamba bibi yake alikatazwa kuukata, atauliza kabla ya kushika shoka.

Ndiyo maana tunasema lugha ya nyumbani na utunzaji wa nchi ni mambo yanayokwenda pamoja. Majina ya miti, ndege, majani na majira ya mwaka yamo katika lugha ya wazee. Lugha ikinyamaza, majina hayo hunyamaza nayo.

7. Wewe ufanye nini?

Usiseme, "Mimi nimejua kusoma juzi tu." Katika miaka ya 1970 Tanzania ilipopiga vita ujinga, waliofundisha kisomo wengi walikuwa wanakijiji wa kawaida. Aliyejua alimfundisha asiyejua. Leo zamu ni yako. Fanya mambo haya:

(a) Zungumza na mtoto wako kila siku. Sema naye lugha unayoijua vizuri. Mwulize ameona nini, amecheza na nani. Mpe nafasi ya kujibu.

(b) Mfundishe maneno ya Kiswahili ya darasani kabla hajaanza shule. Anza na haya: maji, chakula, choo, kaa, simama, njoo, nyumbani, naumwa. Mtoto asiyejua kuomba kwenda choo ataaibika mbele ya wenzake, na kesho atakataa kwenda shule.

(c) Simulia hadithi jioni. Leo simulia kwa lugha ya nyumbani. Kesho simulia hadithi ile ile kwa Kiswahili. Mtoto ataifuata kwa urahisi, kwa kuwa ameshajua sungura atafanya nini.

(d) Msomee. Hata ukisoma polepole na kukosea, msomee. Mtoto anayemwona mama yake au baba yake ameshika kitabu hujua kwamba kitabu ni kitu cha watu wa nyumba yao.

(e) Nenda kamwone mwalimu. Mwambie, "Mwalimu, mtoto wangu nyumbani anasema Kibende. Akikaa kimya, si kiburi. Mwulize mwenzake yule amsaidie." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa mwaka mzima wa mtoto.

(f) Jitolee siku moja kwa wiki. Bibi asimulie hadithi. Babu awatembeze watoto karibu na shule awaonyeshe miti mitano. Kila mti watoto waseme jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao.

(g) Pandeni miti shuleni. Kila watoto wawili wapewe mti mmoja, hasa watoto wa makabila mawili tofauti. Waumwagilie kwa maji yaliyotoka kwenye kibuyu chirizi baada ya kunawa mikono. Hivyo watajifunza usafi, utunzaji na undugu kwa kazi moja.

8. Mashaka ya watu

Tukizungumza jambo hili madarasani, watu huuliza maswali mazuri.

Mmoja huuliza, "Mtoto akijifunza lugha mbili hatachanganyikiwa?" Hapana. Tazama watoto wa sokoni. Wanamsemesha mama kwa Kifipa, mteja kwa Kiswahili, na rafiki kwa Kisukuma. Mwanzoni huchanganya maneno kidogo. Baadaye kila neno hukaa mahali pake.

Mwingine huuliza, "Je, hatutaleta ukabila?" Swali hili ni la maana. Umoja wetu tulioujenga kwa Kiswahili ni mali kubwa, nasi hatutaki kuubomoa. Ukabila huja mtu anapojiona bora kuliko jirani. Mtoto wa Kibende anayejifunza kumwamkia mwenzake wa Kisukuma kwa kusema "Ng'wangaluka" amejifunza kumheshimu. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 nayo inatutaka tuzitunze lugha za jamii zetu. Tatizo ni pale mtoto mmoja anapochekwa kwa ajili ya lugha yao. Hapo ndipo chuki hupandwa, naye bado ni mdogo.

Wa tatu huuliza, "Mimi nina kazi za shamba, nitapata wapi muda?" Ndugu yangu, hakuna anayekuomba uache jembe. Mnapopalilia, hesabu naye mistari. Mnapokwenda kisimani, mwulize jina la mti. Mnapopukuchua mahindi, tega kitendawili. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

9. Mwisho

Jioni ile, baada ya darasa la awali kufungwa, wanakisomo walifika mmoja mmoja. Niliwasimulia habari ya mtoto na maji. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Yule ni mwanangu." Hakuna aliyecheka.

Tukaacha somo la siku ile. Tukaandika ubaoni neno "maji". Chini yake kila mmoja akaandika neno la kwao. Mama yule aliandika "minzi" kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zilikuwa kubwa na zilipinda kidogo. Lilikuwa neno la lugha yake, na hakuwahi kuliona limeandikwa. Akalinakili kwenye karatasi, chini yake akaandika "maji", akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Alisema atamwonyesha mtoto usiku ule kwenye taa, na kesho atakwenda kuzungumza na mwalimu.

Nawe, ndugu msomaji, chukua kalamu. Andika neno "maji". Chini yake andika neno la kwenu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Awali: mafunzo ya watoto kabla ya darasa la kwanza.
Daraja: njia ya kuvukia kutoka upande mmoja hadi mwingine.
Hewa ukaa: hewa inayotolewa na moshi na pumzi, ambayo miti huivuta.
Kibuyu chirizi: chombo cha kunawia mikono kinachochirizisha maji kidogo kidogo.
Sera: maamuzi ya serikali kuhusu jambo fulani na njia ya kulitekeleza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini yule mvulana hakuleta maji alipoambiwa mara ya kwanza?
2. Taja mambo manne ambayo mtoto wako anayajua kabla ya kwenda shule.
3. Katika kijiji chenu kuna lugha ngapi? Ziandike.
4. Ni miti gani mnayoikumbuka ambayo sasa haionekani karibu na kijiji? Iliitwaje na wazee?
5. Hesabu: Darasa la awali lina watoto 75. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Panahitajika walimu wangapi? Kama mwalimu ni mmoja tu, wanakisomo mtamsaidiaje?